Kufunga Kidhibiti cha Breki za Trela Kwenye Pikapu: Waya kwa Waya, Kutoka Betri Hadi Soketi ya Nyuma

Malalamiko ni yale yale. Kidhibiti, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye breki za trela unapokanyaga breki za gari, kimefungwa vizuri chini ya dashibodi, kinawaka, taa za trela zinafanya kazi, lakini ukikanyaga breki trela inakusukuma kwa nyuma kana kwamba haina breki kabisa. Au kinyume chake: trela imeshika breki muda wote, na baada ya kilomita chache magurudumu yananuka kuungua. Wengi hukimbilia kununua kifaa kingine. Mara nyingi kifaa hakina kosa. Kosa limo katika mmoja wa nyaya nne zinazotoka mgongoni mwake.

Mwongozo huu ni wa trela zenye breki za umeme, zile zenye sumaku ndani ya ngoma. Trela nyingi za Ulaya hutumia breki za kusukumwa, ambazo hushika pale trela inapoisukuma ndoana ya gari. Hizo hazina waya wa breki na wala hazihitaji kifaa hiki. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, inama chini ya trela uangalie nyuma ya gurudumu. Ukiona nyaya mbili zikiingia kwenye bamba la ngoma, breki ni za umeme, endelea kusoma.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Kidhibiti cha breki cha volti 12, pamoja na karatasi yake ya maelekezo. Usiitupe.
- Waya wa shaba wa nyuzi nyingi wenye unene wa 6 mm², wa kutosha kutoka betri hadi dashibodi na kutoka dashibodi hadi nyuma ya gari.
- Waya wa 1.5 mm² kwa ajili ya ishara ya taa za breki tu.
- Sakiti breka ya gari inayojirudisha yenyewe: ya ampea 20 kwa trela ya ekseli moja au mbili, ya ampea 30 kwa ekseli tatu.
- Temino za duara, viungio vya kubana, na mipira ya kusinyaa kwa joto yenye gundi ndani.
- Bomba la plastiki lenye mikunjo la kufunika waya, tai za plastiki, na mpira wa kuvalisha tundu la bati.
- Soketi ya trela yenye pini ya breki.
- Multimita, koleo la kubania temino, spana, msasa, na balbu ya gari ya volti 12, wati 21, iliyoungwa vipande viwili vya waya.

Balbu hiyo utaiona haina maana mpaka ufike hatua ya nane. Iweke karibu.

### Kwa nini waya uwe mnene hivyo

Hapa ndipo wengi huokoa hela kidogo na kupoteza breki. Sumaku moja ya ngoma ya inchi 10 au 12 hula takribani ampea 3. Trela ya ekseli mbili yenye breki kwenye magurudumu yote manne itavuta ampea 12 ukiikanyagia kwa nguvu zote.

Sasa pima njia. Kutoka betri hadi kifaa, kisha kutoka kifaa hadi soketi ya nyuma, tuseme mita 8. Waya wa shaba wa 6 mm² utapoteza takribani volti 0.3 katika safari hiyo. Waya wa 1.5 mm², ule wa taa za kawaida, utapoteza takribani volti 1.1, na hapo hujahesabu njia ya umeme kurudi. Sumaku hushika kulingana na umeme unaoifikia. Volti inayopotea njiani ni breki inayopotea, na itapotea siku ile unayoihitaji yote.

### Neno kuhusu soketi

Soketi ya Kimarekani ya pini saba bapa ina nafasi ya breki za umeme tayari, na waya wake kwa kawaida ni wa bluu. Soketi ya duara ya ISO 1724, iliyozoeleka kwenye magari mengi yenye mpangilio wa Ulaya, pia ina pini saba, lakini zote zimeshagawiwa taa na arthi; hakuna ya breki. Mpangilio wa Australia unatumia pini namba 5 kwa breki, ilhali pini hiyo hiyo katika ISO 1724 ni ya taa ndogo ya kulia. Ukichanganya gari la mpangilio mmoja na trela ya mwingine, utawasha taa usiku na trela itashika breki. Thibitisha pande zote mbili zinazungumza lugha moja kabla ya kukata waya wowote.

## Hatua ya 1: Angalia kama kiwanda kimekufanyia nusu ya kazi

Pikapu nyingi za Marekani zilizonunuliwa na vifaa vya kuvutia trela huja na plagi maalumu chini ya dashibodi, karibu na pedali. Nyaya zote nne tayari zipo mpaka soketi ya nyuma. Kwa gari kama hilo unanunua kipande cha waya chenye plagi mbili, kimoja upande wa gari na kingine upande wa kifaa, unaunga na kazi imekwisha kwa dakika chache. Nyingine huja na kidhibiti kabisa kimejengewa ndani ya dashibodi.

Tafuta plagi hiyo kwa tochi, na usome kitabu cha gari sehemu ya kuvuta trela. Hata ukiipata, usiruke hatua ya nane. Magari mengine huja na waya umelazwa hadi boksi la fyuzi lakini mwisho wake haujaungwa, au nafasi ya fyuzi yake iko tupu.

Kama hakuna plagi, utavuta nyaya mwenyewe. Endelea.

## Hatua ya 2: Tafuta waya wa taa za breki, betri ikiwa bado imeungwa

Hatua hii inakuja mapema kwa makusudi. Unahitaji umeme ili kupima, na ukishatoa betri huwezi tena.

Juu ya pedali ya breki kuna swichi ndogo inayoguswa na mkono wa pedali. Swichi ya zamani ina nyaya mbili. Mmoja una volti 12 muda wote, mwingine unapata volti 12 pale tu unapokanyaga. Unachotaka ni huo wa pili. Gari lenye kidhibiti mwendo (cruise control) linaweza kuwa na nyaya nne au zaidi, na mmoja wao hufanya kinyume: una umeme pedali ikiwa juu, unakatika ukikanyaga. Huo siyo.

Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC). Ncha nyeusi iguse chuma kisafi cha bodi, ncha nyekundu iingie nyuma ya plagi ya swichi, waya mmoja baada ya mwingine, bila kutoboa ganda la waya. Mtu mwingine akanyage na kuachia.

Ukishaupata, usiridhike. Washa taa kubwa, washa indiketa, washa taa za dharura, huku pedali ikiwa juu. Waya wako lazima ubaki sifuri katika hali zote hizo. Kwenye magari ambayo balbu moja ya nyuma hutumika kama taa ya breki na indiketa pia, waya uliochukuliwa kule nyuma kwenye taa utaifanya trela ishike na kuachia kwa mdundo wa indiketa. Ndiyo sababu tunauchukua kwenye pedali.

Onyo la kwanza: usiguse waya wowote wenye ganda au plagi ya njano eneo la usukani, hiyo ni mifuko ya hewa. Kwenye gari la mseto, rangi ya chungwa ni umeme mkubwa unaoua. Na tumia multimita, si testa ya balbu, kwa sababu balbu huvuta mkondo ambao kompyuta ya gari haikuutarajia.

Onyo la pili: ukikuta volti 5, au volti zinazoshuka badala ya kupanda unapokanyaga, swichi hiyo inaongea na kompyuta, haiwashi taa moja kwa moja. Usiunge hapo. Tafuta waya wa kuunganishia uliotengenezwa kwa ajili ya modeli yako, au mpe fundi umeme mwenye mchoro wa gari hilo.

*Umefaulu ikiwa:* pedali juu, sifuri. Pedali chini, karibu volti 12. Na hakuna swichi nyingine garini inayobadilisha matokeo hayo. Funga utepe kwenye waya huo usiusahau.

## Hatua ya 3: Toa hasi ya betri, kisha chagua mahali pa kifaa

Legeza temino ya hasi kwanza, uisogeze mbali isiweze kurudi yenyewe. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata shoti ya moja kwa moja mkononi mwako. Subiri kidogo kabla ya kuingiza mikono eneo la usukani, maana mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na chaji. Toyota, kwa mfano, inataka angalau sekunde 90. Mimi nasema tumia muda huo kukata nyaya mpya ulizonunua.

Sasa mahali. Vidhibiti ni vya aina mbili kuu. Vya muda hupandisha nguvu kidogo kidogo tangu unapokanyaga, bila kujali gari linapunguza mwendo kwa kasi gani. Vya uwiano vina kihisio kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo, kisha vinatoa nguvu kwa kiasi hicho hicho. Vya uwiano ni bora, na tofauti ya bei inastahili, lakini vingi vyake vina sharti: lazima vikae sambamba na mwelekeo wa gari, pua mbele, bila kupinda kushoto wala kulia. Pembe ya juu na chini inayoruhusiwa imeandikwa kwenye karatasi ya kifaa. Kukikaza upande kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi ni kukifanya kipime kona badala ya breki. Vipo vinavyojifunza mkao wao vyenyewe, na hivyo unaweza kuvificha popote na kuacha kitufe tu juu ya dashibodi.

Keti kitini kama unavyoendesha. Mkono wa kulia ufike kwenye kijiti cha kushikia breki za trela bila kuinama (au wa kushoto, kulingana na upande wa usukani). Goti lisigonge. Kabla ya kutoboa, papasa nyuma ya plastiki ujue skrubu itatokea wapi.

## Hatua ya 4: Waya mweusi, yaani umeme kutoka betri

Waya mweusi wa kifaa huenda kwenye chanya ya betri kupitia sakiti breka, si kwenye boksi la fyuzi, si kwenye waya wa redio, si kwenye swichi ya ufunguo. Sakiti zile hazikujengwa kubeba ampea 12 au 18 za ziada, na redio ikiunguza fyuzi yake utabaki bila breki za trela.

Wengine huuliza kwa nini wasitumie fyuzi ya kawaida. Fyuzi ikikatika imekatika. Uko kwenye mteremko na trela haina breki mpaka usimame ubadilishe. Sakiti breka inayojirudisha hupoa na kurudisha umeme yenyewe.

Ikaze kwenye bodi karibu na betri kadiri uwezavyo, sentimita 30 hadi 40 hivi. Kipande cha waya kati ya betri na sakiti breka ndicho pekee kisicho na ulinzi, kwa hiyo kiwe kifupi. Sakiti breka nyingi zina maandishi BAT upande mmoja na AUX upande mwingine. Betri kwa BAT, kifaa kwa AUX.

Kisha pitisha waya kwenye ukuta unaotenganisha injini na kebini. Tafuta mpira uliopo tayari ambao nyaya za kiwanda hupitia, utoboe kitundu kidogo pembeni mwa fungu la nyaya. Ukilazimika kutoboa bati, angalia pande zote mbili kwanza, lainisha kingo, paka rangi zisishike kutu, kisha valisha mpira. Bati tupu hukata ganda la waya taratibu kwa mtetemo. Shoti yake haitokei leo, itatokea ukiwa mbali na nyumbani.

Acha upande wa betri bila kuungwa mpaka hatua ya nane.

## Hatua ya 5: Waya mweupe, arthi

Kama ningeruhusiwa kukagua kiungio kimoja tu kwenye kazi ya mtu mwingine, ningekagua hiki. Vuta waya mweupe wa 6 mm² hadi temino ya hasi ya betri moja kwa moja. Viwanda vingi vya vidhibiti vinapendekeza hivyo, nami sioni sababu ya kufanya vingine. Skrubu ya dashibodi inaweza kuwa imeshika plastiki na rangi tupu. Kifaa kitawaka, kioo chake kitaonesha namba, kisha mkondo ukiongezeka kitayumba.

Ukilazimika kutumia bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae, tumia bolti na nati, si skrubu ya kujichimbia, na paka grisi juu baada ya kukaza.

## Hatua ya 6: Waya mwekundu, ishara ya breki

Waya huu hubeba mkondo mdogo sana. Unge na waya ulioufunga utepe katika hatua ya pili.

Usitumie vile viungio vya plastiki vinavyobanwa na koleo na kujikata vyenyewe ndani ya ganda. Vinaumiza nyuzi za shaba na kuachia baada ya miezi ya mtetemo, na hapa unagusa taa za breki za gari lenyewe. Kata waya, bana pande tatu ndani ya kiungio sahihi, valisha mpira wa kusinyaa, upashe moto mpaka gundi itokeze pembeni. Vuta kwa mkono. Ukitoka, haukubanwa.

Funga fungu zima la nyaya juu, mbali na pedali na shina la usukani. Kanyaga kila pedali hadi mwisho, zungusha usukani kushoto na kulia. Hakuna kinachogusa, sawa.

## Hatua ya 7: Waya wa bluu hadi soketi ya nyuma

Huu ndio mrefu kuliko yote, na ndio unaobeba breki zenyewe. Upitishe kwenye ukuta wa injini pamoja na ule mweusi, shuka nao hadi kwenye chasisi, ufuate njia ya nyaya za kiwanda kuelekea nyuma.

Uvishe bomba la plastiki mwanzo hadi mwisho. Ufunge tai kila sentimita 30 hadi 45. Ukae mbali na ekzosti, na mbali na shafti inayozunguka. Usiufunge kwenye bomba la mafuta wala kwenye mabomba ya breki za gari. Panapopita karibu na springi, kumbuka ekseli hupanda na kushuka: acha ulegevu, ila usiwe wa kuning'inia.

Kwenye soketi, unge pini ya breki, kisha hakikisha pini ya arthi nayo ina waya mnene uliokazwa kwenye chasisi safi. Watu huunga waya wa bluu wa 6 mm² na kuacha arthi ikiwa na kile kiwaya chembamba cha taa. Umeme unaokwenda lazima urudi, na tufe la ndoana lenye grisi si njia ya kurudia. Hata trela ikionekana kufanya kazi kupitia ndoana, itaacha ukipita kwenye shimo la kwanza.

Onyo: kamwe usiguse waya wa bluu na volti 12 za moja kwa moja kifaa kikiwa kimeungwa. Ukitaka kujaribu sumaku za trela kwa betri, chomoa plagi ya trela kwanza. Umeme unaorudi kinyumenyume kwenye kifaa unaweza kukiua papo hapo.

## Hatua ya 8: Rudisha umeme na upime bila trela

Unge waya wa upande wa BAT wa sakiti breka kwenye chanya ya betri, kisha rudisha hasi ya betri mwisho kabisa. Cheche ndogo ni kawaida. Cheche kubwa, au waya unaopata joto, toa hasi mara moja utafute shoti.

Sasa ile balbu ya wati 21. Vidhibiti vingi havitoi umeme mpaka vihisi kuna mzigo, kwa hiyo multimita peke yake kwenye soketi tupu itakudanganya kwamba hakuna kitu. Unge balbu kati ya pini ya breki na pini ya arthi ya soketi, si kati ya pini na chasisi. Ukitumia chasisi hujaipima arthi ya soketi.

Washa gari. Sukuma kijiti cha mkono polepole. Balbu inapaswa kuanza hafifu na kung'aa kadiri unavyosukuma. Achia, izime mara moja. Kwenye mifumo mingi taa za breki za gari nazo zitawaka ukisukuma kijiti. Kisha washa taa kubwa, indiketa na taa za dharura. Balbu isitikisike.

Kukanyaga pedali gari likiwa limesimama ni jambo lingine. Kidhibiti cha muda kitawasha balbu. Cha uwiano kinaweza kutoa mwanga hafifu tu au kisitoe kabisa, maana gari halipunguzi mwendo. Hilo si kosa. Watu wamerudisha vifaa vizima dukani kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 9: Unga trela, sikiliza, pima

Chomeka plagi. Alama kwenye kioo cha kifaa inapaswa kubadilika kuonesha trela imetambuliwa; kila kiwanda kina alama zake.

Mtu mmoja akae kitini na kusukuma kijiti, wewe zunguka kila gurudumu. Sumaku hai hutoa mvumo mdogo au mlio wa kugonga. Pana kelele? Shika dira karibu na ngoma, hata ile ya simu. Sindano ikiruka kijiti kinaposukumwa, sumaku inafanya kazi. Gurudumu ambalo sindano haisogei ndilo la kufuatilia.

Kwa namba, pima volti kwenye kiungio cha waya nyuma ya gurudumu la mwisho, injini ikiwa inaunguruma na kijiti kimesukumwa hadi mwisho. Volti zinapaswa kupanda taratibu kutoka sifuri hadi takribani 12. Zikikomea 9 au 10, umeme unapotelea njiani: rudi kwenye arthi kwanza, kisha unene wa waya. Upinzani wa sumaku moja iliyochomolewa huwa kati ya omu 3 na 4. Sifuri ni shoti. Usiosomeka ni waya uliokatika.

Ukitaka kupima ampea, tumia mita ya kubana waya inayosoma mkondo mnyoofu. Multimita nyingi zinakomea ampea 10 ukizipitishia mkondo ndani, na trela ya magurudumu manne inavuta 12.

Mwisho wa hatua hii, inua gurudumu moja kwa jeki, weka stendi, zuia magurudumu mengine, lizungushe kwa mkono na mwenzako asukume kijiti. Lisimame.

## Hatua ya 10: Kurekebisha nguvu barabarani

Trela iwe na mzigo wake wa kawaida. Tafuta eneo tambarare, kavu, lisilo na magari. Vuta kidogo kwanza na kushika breki mara kadhaa zipate joto, maana breki baridi hudanganya. Kama viatu vya breki ni vipya, vinahitaji kuzoeana na ngoma: punguza mwendo kwa kijiti peke yake kutoka takribani kilomita 65 kwa saa hadi 30, mara 20 hivi, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya kila mara.

Kisha endesha kwa kilomita 40 kwa saa, achia mafuta, sukuma kijiti hadi mwisho bila kugusa pedali. Trela ikivuta kidogo tu, ongeza. Endelea mpaka magurudumu ya trela yajifunge na kuburuza, halafu punguza hadi pale yanapokaribia kujifunga lakini hayajifungi. Hapo ndipo pako.

Jaribu sasa kwa pedali. Gari na trela visimame kama kitu kimoja, bila trela kukusukuma wala kukuvuta kwa mshtuko. Ukipakua mzigo, punguza. Barabara ikilowa au ikiwa ya changarawe, punguza zaidi.

Kijiti hicho kina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: trela ikianza kuyumba mkia, sukuma kijiti kidogo bila kukanyaga pedali. Breki za trela peke yake huinyoosha nyuma ya gari.

## Dalili na mahali pa kutazama kwanza

Trela imeshika muda wote. Waya mwekundu umeungwa upande wenye umeme wa kudumu, au swichi ya pedali haijarekebishwa vizuri. Chomoa plagi ya trela. Kama ngoma bado zimeshika, kosa liko kwenye trela, na swichi ya dharura, ile inayoshika breki trela ikichomoka, ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Kijiti kinafanya kazi, pedali haifanyi. Waya mwekundu. Rudi hatua ya pili.

Trela inashika ukiwasha taa. Mpangilio wa pini hauoani, au arthi ya trela imekatika na umeme wa taa unatafuta njia ya kurudi kupitia sumaku.

Breki zinakuja na kuondoka. Arthi. Usipoipata huko, kagua waya unaopita ndani ya bomba la ekseli. Hujisugua na kutoboka mahali usipoweza kupaona.

Kifaa kinaonesha shoti trela ikiungwa tu. Chomoa sumaku moja moja mpaka alama iondoke.

## Swichi ya dharura ya trela

Haiko kwenye pikapu, lakini kazi haijakamilika bila kuijaribu. Trela ikichomoka, kamba huvuta pini ya swichi na betri ndogo ya trela yenyewe hushika breki. Kanuni za Marekani kwa magari ya biashara zinataka breki hizo zibaki zimeshika kwa angalau dakika 15, jambo ambalo betri iliyochoka hailiwezi.

Chomoa plagi ya trela kutoka gari kwanza, ili umeme usirudi kwenye kidhibiti. Vuta pini, jaribu kuisogeza trela kwa gari taratibu. Magurudumu yakatae kuzunguka. Rudisha pini bila kukawia, sumaku zinapata joto. Kamba ifungwe kwenye chasisi ya gari, si kwenye minyororo wala kwenye ndoana. Ndoana ikitoka na kamba yake, pini haitavutika.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, simama na upitishe kiganja karibu na kila ngoma bila kuigusa. Joto lifanane pande zote. Gurudumu baridi halishiki, lenye moto mkali haliachii. Siku hiyo hiyo kaza tena nati za sakiti breka na temino za betri, maana shaba mpya hulegea kidogo baada ya kubanwa mara ya kwanza.